Mabingwa Waliovaa Deraya

Anayenunuliwa kuliko ndugu zake wote ndiye asiyefaa kabisa kwa tangi la nyumbani. Hiyo ndiyo rekodi ya kwanza katika orodha hii, na si ya kujivunia. Katika duka la samaki wa mapambo yumo karibu kila mara: mweusimweusi, madoadoa ya kahawia, urefu wa kidole, amejibandika kwenye kioo kwa mdomo. Kibao kinasema "pleko". Muuzaji anasema anakula uchafu na atakusafishia tangi. Bei ni ya kutupa. Lisilosemwa ni kwamba samaki huyo akilishwa vizuri hufika sentimita 40 na zaidi, huishi miaka 15 na kuendelea, na kinyesi chake peke yake kinatosha kulichafua tangi la lita 100 ambalo alinunuliwa ili alisafishe.

Huyo ni mmoja tu wa kambare wa deraya wa Amerika Kusini. Kambare wetu wa matopeni na hongwe wa baharini hawana vazi: ngozi tupu yenye utelezi, na sharubu. Hawa wa mito ya Amazon, Orinoco, Paraná na Xingu wamevaa. Pahali pa magamba pana sahani za mfupa zilizopandiana kama vigae vya paa, na kwa jamii moja, juu ya sahani hizo pameota meno. Ni meno ya kweli, yameumbwa sawasawa na yale ya kinywani, ila yamechipuka nje ya mwili. Pitisha kidole kutoka mkiani kwenda kichwani, yatakukwaruza.

Katika mashindano yao ushindi haumwendei anayependeza, isipokuwa mara moja, na hapo nitakawia. Kwa mfugaji rekodi hizi zina kazi. Ukijua nani anashikilia ipi, unajua ale nini, ajifiche wapi, na tangi liwe kubwa kiasi gani. Mradi kwanza umjue ni nani.

Hesabu mistari, kisha hesabu vijiti

Koo tatu zinamtosha mfugaji. Angalia sahani za ubavuni na mdomo. Mistari miwili tu kila upande, mmoja juu na mmoja chini, pamoja na sharubu fupi zinazopapasa mchanga: huyo ni wa ukoo wa Callichthyidae, yaani korido na ndugu zake. Mstari mmoja katikati ya ubavu, kila sahani na mwiba wake uliopinda: huyo ni wa Doradidae, ambao wafugaji huwaita kambare wanaoongea, kwa kuwa ukiwashika hukoroma. Sauti hiyo huitoa kwa kusugua mwiba wa pezi la kifuani ndani ya tundu lake na kwa kutetemesha kibofu cha hewa. Mistari mitatu au zaidi, tumbo bapa, na mdomo wa kunyonya uliokaa chini ya kichwa: huyo ni wa Loricariidae, na hapo ndipo kazi inapoanza.

Kazi yenyewe ni wingi. Hakuna ukoo wa kambare duniani wenye spishi nyingi kuliko huu. Zaidi ya 1,000 zimeshaelezwa na wanasayansi, kutoka Costa Rica hadi Argentina, na mpya bado zinaongezwa. Mmoja wa wa kwanza kupewa jina alilipata mwaka 1758 kwa Linnaeus mwenyewe, aliyemwita Acipenser plecostomus, akamweka chumba kimoja na sturjeni, yule samaki wa kaviari. Deraya ilimchanganya, maana sturjeni naye ana sahani za mfupa. Leo anaitwa Hypostomus plecostomus, mwenyeji wa Suriname na nchi jirani. Jina lake limebandikwa kwenye matangi mengi sana, lakini yeye mwenyewe dukani ni nadra. Anayeuzwa kwa jina hilo mara nyingi ni Pterygoplichthys pardalis au Pterygoplichthys disjunctivus, au chotara wao, aliyezalishwa kwenye mabwawa ya Asia au Florida.

Kuwatenganisha hakuhitaji maabara. Subiri asimamishe pezi la mgongoni, kisha hesabu vijiti vyake. Hypostomus ana kimoja kigumu mbele na saba laini nyuma yake. Pterygoplichthys ana kumi au zaidi, na pezi lake likifunguka ni refu, linakaribia kuufunika mgongo wote. Ancistrus, yule ambaye dume lake huota ndevu puani, naye ana saba, lakini kwa kawaida hapiti sentimita 15. Ni hesabu ya dakika moja, na inaweza kukuepusha na miaka ya kutafuta mtu wa kumpa samaki aliyekuzidi tangi.

Wajerumani waliona mapema kwamba wanasayansi hawataweza kwenda kasi ya wavuvi. Mwaka 1988 jarida la DATZ likaanza kuchapisha picha ya kila Loricariidae mgeni aliyeingia sokoni, na chini yake namba yenye herufi L. L001 alikuwa Pterygoplichthys joselimaianus, mwenye madoa ya dhahabu, kutoka bonde la Tocantins. Baadaye samaki huyohuyo akapewa tena L022, na kwa ukoo huu mchanganyiko wa namna hiyo ni jambo la kawaida. Namba zimeshavuka 500. Mbili zaweza kuwa za spishi moja, na moja yaweza kuficha mbili. Hata hivyo muuzaji anayetaja namba ya L anazungumzia picha ambayo wewe pia unaweza kuitazama. Anayesema "pleko" hajakuambia kitu.

Kuna na wanaojigeuza. Baadhi ya otosinklusi, ambao ni Loricariidae wadogo, wana rangi na madoa ya korido wanaoishi nao mto mmoja, na hutembea nao kundini. Otocinclus flexilis, kwa mfano, humuiga korido wa madoa. Tazama mdomo: korido ana sharubu na mdomo wa kuokota, otosinklusi hujibandika. Faida ya kumuiga korido utaiona mbele, kwenye habari za sumu.

Mita moja, milimita ishirini na mbili

Taji la ukubwa lina wagombea wawili. Upande wa Doradidae yupo Oxydoras niger: mita 1, kilo 13, rangi ya makaa, ubavuni msumeno wa miiba unaoweza kuchana mkono wa mvuvi. Kwa sura hiyo ungemdhania mwindaji. Kumbe ni mpole, kutwa anachota mchanga kwa mdomo na kuuchekecha akitafuta mabuu na makombo. Loricariidae wanamjibu kwa Acanthicus adonis wa Tocantins, aliyeelezwa mwaka 1988. Mtoto wake ni mweusi mwenye nukta nyeupe safi, na nukta hizo ndizo chambo cha dukani. Anapokua hufifia, mkia huota nyuzi ndefu, miiba hujaa mwilini, urefu hukaribia mita, na tabia nayo huharibika: hataki jirani. Wote wawili ni wa mabwawa na matangi ya maonyesho ya umma. Wanatajwa hapa kwa sababu huuzwa wakiwa wadogo, na anayewauza haonyeshi picha ya mama yao.

Upande wa pili wa rula yupo Nannoplecostomus eleonorae wa jimbo la Goiás, Brazil, aliyeelezwa mwaka 2012. Mkubwa wao aliyepimwa alikuwa na milimita 22 na ushee. Huyo usimtafute madukani. Wadogo wanaopatikana ni korido wa spishi za pygmaeus na hastatus, wa sentimita 2 hadi 3, ambao badala ya kukaa chini huogelea katikati ya maji kwa makundi. Na otosinklusi, wa sentimita 3 hadi 4.

Otosinklusi ana sifa mbaya ya kufa wiki za mwanzo, na kosa si lake. Huvuliwa porini, husafirishwa siku kadhaa bila kula, hufika tumbo limebonyea, kisha huwekwa kwenye tangi jipya linalong'aa ambamo hamna hata chembe ya chakula chake. Anataka tangi la zamani, lililokaa miezi hadi mawe na majani yakapata utando wa kijani. Dukani mwangalie tumbo akiwa amejibandika kwenye kioo. Likiwa limejaa, mchukue. Likiwa limeingia ndani, mwache hata kama unamwonea huruma.

Pundamilia wa Xingu

Sasa yule anayeshinda kwa uzuri. Ukiwauliza wafugaji wa Ulaya, Marekani au Asia ni kambare gani wa deraya anayetamaniwa kupita wote, wengi watakupa namba moja: L046, Hypancistrus zebra. Ni mweupe mwenye michirizi myeusi inayokimbia kutoka kichwani hadi mkiani, na puani ana alama ya herufi E. Urefu wake hauzidi sana sentimita 8. Alielezwa rasmi mwaka 1991 na Isaäc Isbrücker na Han Nijssen wa Uholanzi, na homa iliyozuka picha zake zilipotoka haijashuka mpaka leo. Samaki mmoja huuzwa kwa mamia ya dola.

Uzuri peke yake hauelezi bei hiyo. Pundamilia huyu ana kwao kumoja tu duniani: kipande cha mto Xingu katika jimbo la Pará, Brazil, kinachoitwa Volta Grande, ambako mto unajikunja kwa zaidi ya kilomita 100 ukipita juu ya miamba na maporomoko. Hujificha kwenye nyufa za miamba chini ya mkondo mkali. Wavuvi wa mji wa Altamira humfuata hukohuko chini kwa kupiga mbizi, wakivuta hewa kwa mpira uliounganishwa na kompresa iliyo ndani ya mtumbwi, na kumtoa ufani kwa kijiti.

Kisha likaja bwawa la umeme la Belo Monte. Mitambo yake ya kwanza iliwashwa mwaka 2016 na ya mwisho 2019. Ili izunguke, sehemu kubwa ya maji ya Xingu huchepushwa kwa mfereji unaokata njia na kuiruka Volta Grande. Mto uliobaki una maji machache, mwendo wa polepole, na matope yanayotulia mahali palipokuwa pakisafishwa na mkondo mwaka mzima. Samaki aliyeumbwa kwa nyufa safi za mwamba hana pa kuhamia.

Brazil iliharamisha kumsafirisha nje tangu 2004, na magendo yakaendelea. Njia moja iliyojulikana ilipitia Tabatinga, mji wa mpakani, na kuvuka hadi Leticia upande wa Colombia. Mwaka 2017 Brazil ikamwingiza kwenye Kiambatisho cha III cha mkataba wa CITES, na mkutano wa Panama wa mwaka 2022 ukampandisha hadi Kiambatisho cha II. Maana yake, anayevuka mpaka lazima awe na kibali, hata akiwa amezaliwa tangini. Kenya na Tanzania ni wanachama wa mkataba huo, kwa hiyo kumshusha uwanja wa ndege wa Nairobi bila karatasi ni kosa sawa na kumshusha Hamburg.

Linalowashangaza wengi ni kwamba pundamilia si mgumu kumfuga. Ugumu ni kumpata kihalali na kumlipia. Anataka maji ya joto la nyuzi 28 hadi 30, na mfugaji wa Mombasa au Dar es Salaam huyapata miezi mingi bila hita. Tatizo la huko ni upande wa pili, kwa sababu maji ya joto hubeba oksijeni kidogo, naye amezoea maporomoko. Kwa hiyo pampu ya hewa isizimike, na penye umeme wa kukatika iwepo ya betri. Anataka mapango, vigae vya udongo vilivyozibwa upande mmoja, vyembamba kiasi cha dume kujaa humo. Na anataka nyama: mabuu, kamba waliokatwakatwa, vidonge vyenye protini. Yeye si mla ukoga, ingawa ana mdomo wa kunyonya. Anayemwekea tango kila jioni akidhani kambare wote wa kioo ni wamoja anamwua kwa njaa, taratibu, huku tango likiendelea kuoza.

Hutaga mayai machache, mara nyingi kumi hadi kumi na tano, na watoto hukua polepole mno. Hata hivyo wanaozaliwa tangini siku hizi ni wengi kiasi kwamba mtu mwaminifu hana sababu ya kununua wa porini. Mimi bei yake sina ugomvi nayo. Kitu kilichonunuliwa kwa fedha hizo hakuna anayekitupa mtoni.

Aliyefika mbali

Anayetupwa mtoni ni pleko wa bei ya kutupa. Jamii za Pterygoplichthys zimeachiwa na wafugaji waliochoka nazo au zimetoroka mashamba ya samaki, na sasa zina makazi Florida, Texas, Mexico, Ufilipino, Indonesia, Bangladesh, India, na hata Afrika Kusini kwenye mto Nseleni, KwaZulu-Natal. Hakuna kambare mwingine wa deraya aliyesafiri umbali huo.

Siri yake ni pumzi. Tumbo lake hufanya kazi ya pafu la akiba: hupanda juu, humeza hewa, na ukuta mwembamba wa tumbo uliojaa mishipa ya damu huichuja oksijeni. Maji yakioza, wenzake hufa naye hubaki. Ukimtoa majini na akabaki ana unyevunyevu, anaweza kuishi zaidi ya saa 20, na wapo walioonekana wakijikokota nchi kavu kutoka kidimbwi kimoja hadi kingine. Juu ya hilo weka deraya ambayo wawindaji wengi hawaiwezi, na dume linalochimba shimo refu ukingoni likalinda mayai humo. Huko Florida mashimo hayo hubomoa kingo za mito na mifereji.

Madhara makubwa zaidi ninayoyajua yalitokea Infiernillo, bwawa kubwa la Mexico lililokuwa miongoni mwa sehemu kuu za uvuvi wa tilapia katika maji baridi ya Amerika ya Kilatini. Wavuvi wakaanza kuvuta nyavu zilizojaa pleko badala ya tilapia. Miiba ilizichana nyavu, mavuno yakaporomoka, na watu wengi wakapoteza riziki. Florida wana kisa chepesi kidogo: katika chemchemi ya Volusia Blue Spring, ambako nguva hukimbilia joto wakati wa baridi, pleko huwapanda migongoni na kukwangua ukoga ulioota kwenye ngozi zao, na nguva hujipindapinda kuwakung'uta.

Mtu wa kandokando ya Ziwa Victoria hahitaji kuelezwa samaki mgeni anaweza kufanya nini. Sangara alitiwa humo miaka ya 1950 na habari zake zinajulikana. Pleko aliyekushinda mrudishe dukani, au mpe mwenye bwawa lisilofurika kuingia mtoni. Au mle. Analika, na nitafika hapo.

Mla mbao

Panaque ana meno mapana yenye umbo la kijiko, na usiku wa kimya utamsikia akitafuna gogo kutoka chumba cha pili. Kwa muda mrefu iliaminika kwamba anaishi kwa mbao kama chakula kamili. Mwaka 2009 utafiti wa Donovan German ulionyesha vingine: mbao hupita utumboni kwa chini ya saa nne, na sehemu yake kubwa hutoka ilivyoingia. Anachofaidi ni vijidudu, ukungu na vitu laini vilivyomo kwenye mti unaooza. Ndiyo maana lazima ale mbao nyingi, na ndiyo maana anashikilia, bila mpinzani, rekodi ya kinyesi. Ni vumbi la mbao mchana na usiku. Huziba filta na kutanda sakafuni. Mpe gogo lililokauka vizuri, lisilo na rangi wala dawa, na mboga za majani, tango na kiazi kitamu. Asiye tayari kunyonya vumbi hilo kwa mpira kila siku chache atafute samaki mwingine.

Baba wa kupigiwa mfano, mama wa ajabu

Katika Loricariidae malezi mara nyingi ni ya dume. Ancistrus hukaa pangoni siku na siku akiyapepea mayai kwa mapezi, akiyasafisha, bila kutoka kula vya kutosha. Zile ndevu za puani zina nadharia nzuri: mwaka 1999 Sabaj, Armbruster na Page walipendekeza kwamba zinafanana na vifaranga, na kwamba jike akiziona humchukua dume huyo kuwa baba ambaye tayari ana watoto, akamchagua. Loricariichthys amekwenda mbali zaidi. Dume huota midomo mipana msimu wa kuzaa, akabeba kishada cha mayai mdomoni popote aendapo.

Lakini kwa maajabu ya uzazi taji ni la korido. Mwaka 1995 Kohda na wenzake wa Japani walieleza wanachofanya korido wa shaba. Jike huweka mdomo wake kwenye tundu la uzazi la dume, wakakaa kwa umbo la herufi T, naye huzinywa mbegu za kiume. Mbegu hupita utumboni mwake haraka, zikiwa hai, na kutokea nyuma, ambako amekunja mapezi ya tumboni kuwa kifuko chenye mayai machache. Humo ndimo yanaporutubishwa. Kisha huenda kuyabandika kwenye kioo, na kuanza tena. Utumbo wa korido, kwa kweli, hauna mapumziko: sehemu yake ya nyuma ndiyo pia huvuta oksijeni ya hewa anayoimeza juu ya maji. Funika tangi asiruke, lakini acha nafasi ya hewa chini ya kifuniko.

Anayefaa sebule

Kama kuna tuzo ya kambare wa deraya anayestahili kuwa wa kwanza nyumbani, naigawa kwa wawili: Ancistrus na korido. Korido ndiye mwenye historia ndefu. Kisukuku cha Corydoras revelatus kutoka Argentina kina umri wa karibu miaka milioni 58, na ndicho kikongwe kinachojulikana cha ukoo wake. Korido wa madoa, paleatus, alikusanywa na Charles Darwin katika safari ya meli Beagle na kuelezwa na Jenyns mwaka 1842; miaka ya 1870 Pierre Carbonnier alikuwa ameshamzalisha Paris. Usishangae ukimkuta leo kwa jina la Hoplisoma paleatum. Mwaka 2024 jenasi ya Corydoras iligawanywa, na wengi waliokuwa humo wakahamishiwa jenasi nyingine. Samaki ni yuleyule.

Wanunue sita au zaidi wa spishi moja, maana akiwa peke yake hujificha na kunyong'onyea. Sakafu iwe mchanga laini, kwa kuwa huuchota na kuutoa kupitia mashavuni, na kokoto kali humwumiza sharubu hadi zikaoza. Paleatus hupenda baridi kidogo, nyuzi 18 hadi 24, kwa hiyo ni wa Nairobi, Arusha au Mbeya bila hita. Wa pwani amchukue sterbai, anayestahimili 28.

Na usimshike kwa wavu wenye matundu makubwa. Miiba ya mapezi yake hujifunga ikisimama, na kwapani ana tezi za sumu. Tumia kikombe. Sumu hiyo ndiyo inayoeleza kwa nini spishi tofauti za korido kwenye mto mmoja huvaa rangi zilezile: utafiti uliochapishwa katika Nature mwaka 2011 ulionyesha kwamba wanagawana tangazo moja la hatari huku kila mmoja akila chakula chake. Otosinklusi, asiye na sumu, amejipachika humo bila kulipa ada.

Aliye mtamu

Kwa wenyeji wa Amazon mashindano yote haya ni ya wageni. Wao wana swali moja tu, la chungu. Huko Peru pleko huitwa carachama, na supu yake, chilcano de carachama, ni chakula cha asubuhi Iquitos. Santarém, Brazil, humkausha na kumsaga wakapata unga uitwao piracuí, unaodumu muda mrefu ghalani. Deraya huchomwa naye motoni, kisha hubanduliwa.

Lakini anayesifiwa ni Hoplosternum littorale, ndugu mkubwa wa korido, mistari miwili ya sahani kila ubavu. Pará humpika na mchuzi wa tucupi wakimwita tamuatá. Trinidad anaitwa cascadura, na husemwa kwamba aliyemla, popote atakapokwenda duniani, atarudi kufia Trinidad. Hufugika vizuri kwenye tangi la lita 250 na kwenda mbele, hali akichagua, na maji yenye hewa haba si tatizo kwake. Ila msimu wa kuzaa dume hujenga kiota cha povu na majani juu ya maji, na hapo chakula na usafi visubiri, kwa sababu atauvamia hata mkono wako.